Ndege yetu ya kurudi kutoka kisiwani: tufike uwanjani saa ngapi?

Mpendwa Mshauri,

Mwezi ujao mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka kumi na minne na mama mkwe wangu tutakwenda mapumzikoni kisiwani. Safari ya kwenda hainisumbui hata kidogo. Linaloninyima usingizi ni safari ya kurudi. Tutaondoka kisiwani kwa ndege ndogo ya abiria wachache hadi uwanja mkubwa ulioko bara, katika nchi hiyohiyo, na hapo ndipo tutakapopanda ndege ya kimataifa ya kuturudisha nyumbani. Tiketi tulizinunua mbalimbali, kwa mashirika mawili yasiyohusiana, kwa kuwa kwa njia hiyo tulipata nafuu kubwa.

Ugomvi wetu ni wa muda. Mume wangu anasema uwanja wa kisiwani ni mdogo, kwa hiyo tukifika saa moja kabla ya ndege kuruka inatosha. Mimi nasema tufike saa tatu kabla. Anazidi kunituliza kwamba hata tukichelewa kidogo hakuna neno, kwa sababu ndege ndogo itaondoka Jumapili tarehe 15 saa nane na nusu mchana, na tiketi ya ile kubwa imeandikwa tarehe 15 saa 00:40, hivyo tutakuwa na takriban saa kumi za kungojea bara. Amekwisha kupanga hata kupiga mbizi kwa mitungi asubuhi ya siku hiyohiyo ya kuondoka, kwa kuwa hataki kupoteza siku ya mwisho ya bahari.

Mimi nina hofu nyingine pia. Katika safari moja ya nyuma, maofisa wa uwanja mmoja walimnyang'anya binti yangu kombe la baharini alilolinunua dukani kwa pesa zake, wala hawakutueleza vizuri kosa lilikuwa nini. Mama mkwe wangu hutembea kwa shida na hutumia sindano za insulini. Naomba unieleze taratibu za kuondoka kwa mpangilio wake, tujue tuanzie wapi na tuwe uwanjani saa ngapi.

Ni mimi,
Msafiri mwenye hofu

JIBU

Dada yangu,

Kabla ya lolote uliloniuliza, nenda kaichukue tiketi ya ile ndege kubwa uitazame upya. Saa 00:40 ya tarehe 15 ni saa sita na dakika arobaini za usiku wa kuamkia Jumapili, maana kwenye ratiba za ndege tarehe hugeuka saa 00:00, kwa saa za mahali ndege inapoondokea. Kwa hiyo ndege ndogo mliyoikatia tiketi ya Jumapili mchana itakapowasha injini, ile kubwa itakuwa imekwisha kuruka karibu saa kumi na nne nyuma. Zile saa kumi alizozihesabu mumeo zingekuwapo endapo tiketi ingeandikwa tarehe 16. Uwanjani mnatakiwa muwe Jumamosi tarehe 14 jioni, mmekwisha kutoka kisiwani. Nashukuru umeniandikia mapema, kwa sababu tiketi za usiku wa manane huwaponza hata watu wanaosafiri kila mwezi.

Wasilianeni kesho na shirika la ndege ndogo, mzihamishe tiketi zote nne zije Jumamosi. Ile ya kimataifa iacheni kama ilivyo, maana kubadili viti vinne vya safari ndefu kwa kawaida hugharimu zaidi kuliko kubadili viti vya safari fupi. Ningekuwa mimi, ningechagua ndege ya kwanza ya asubuhi, kwa sababu huduma za visiwani hutegemea sana upepo, mvua na ukungu, na ndege moja ikichelewa asubuhi huchelewesha safari zake zote zinazofuata siku hiyo. Mkipangiwa ya asubuhi ikafutwa, ya mchana bado ipo. Mkichagua ya mwisho ikafutwa, hamna pa kukimbilia. Najua mtapoteza usiku mmoja wa hoteli, tena mtashinda bara kutwa nzima na mizigo mikononi, jambo ambalo kwa mama mkwe wako si dogo. Kama mfuko unaruhusu, chumba cha kupumzikia mchana karibu na uwanja ni gharama ambayo nisingemlaumu mtu kwa kuitoa.

Sasa nije kwenye jambo ulilolitaja kwa kupita tu, nalo ndilo zito kuliko ugomvi wenu wa saa. Tiketi mbili za mashirika mawili yasiyohusiana ni mikataba miwili, na shirika la pili halina wajibu wowote kwa sababu ya kuchelewa kwa la kwanza. Mngekuwa na tiketi moja inayounganisha safari zote mbili, ndege ndogo ikichelewa shirika lingelazimika kuwatafutia njia nyingine ya kufika, na mizigo yenu ingebandikwa lebo ya hadi mwisho wa safari. Kwa tiketi mlizo nazo, mkichelewa mtahesabiwa kuwa abiria wasiotokea, na huenda nauli ikapotea yote. Mizigo nayo mtaipokea wenyewe bara, mtoke nayo nje, mwende nayo hadi kaunta ya shirika la pili mkaikabidhi upya kana kwamba ndiyo kwanza mnaanza safari. Ninyi mna bahati kwamba kisiwa na uwanja mkubwa viko katika nchi moja. Msomaji mwingine ambaye uwanja wake wa kubadilishia ndege uko katika nchi ya tatu ajue kwamba kutoka nje kuchukua mizigo ni kuingia katika nchi hiyo, na huenda akadaiwa viza ambayo hakuwa na habari nayo.

Kuhusu saa moja ya mumeo na saa tatu zako, nyote wawili mnahesabu kutoka ndege inaporuka, ilhali saa inayoamua mambo ni ile ya kaunta kufungwa. Kwa safari za kimataifa mashirika mengi hufunga kaunta dakika 60 kabla ya ndege kuondoka, na kwa safari za ndani mara nyingi ni kati ya dakika 30 na 45. Lango la kupandia hufungwa baadaye kidogo, kwa kawaida dakika 15 hadi 20 kabla. Kaunta ikishafungwa, mhudumu aliye mbele yako hata akikuonea huruma hana la kukufanyia, kwa kuwa orodha ya abiria na hesabu ya uzito vimekwisha kupelekwa. Kujisajili kwa intaneti, ambako mashirika mengi hukufungua saa 24 hadi 48 kabla ya safari, kunakuepusha na foleni moja tu. Mwenye mzigo wa kukabidhi bado anafungwa na saa ya kaunta. Someni saa hiyo kwenye masharti ya kila tiketi, kisha mrudi nyuma kwa hesabu. Kwa uwanja wa kisiwani, saa moja na nusu hadi mbili kabla ya kuruka ni muda wa kutosha. Kwa uwanja wa bara, muwe kaunta saa tatu kabla, yaani isizidi saa tatu na dakika arobaini za Jumamosi usiku.

Msiudharau uwanja wa kisiwani kwa udogo wake. Udogo huo mara nyingi maana yake ni mashine moja ya ukaguzi na kaunta mbili, na ndege zikipangwa kuondoka kwa wakati mmoja foleni hujaa ghafla. Tena ndege ndogo hupimwa kwa uangalifu mkubwa: abiria huweza kuombwa wapande mizani pamoja na mikoba yao, na kiwango cha mzigo kinaweza kuwa kilo 15 tu, mkoba wa mkononi ukihesabiwa humo, ilhali tiketi ya ndege kubwa inakuruhusu kilo 23 au zaidi. Masanduku magumu pia husumbua kwa sababu buti la ndege hizo ni jembamba. Mifuko laini hupenya. Sababu ya ukali huu si ukorofi wa wahudumu. Hewa ya joto ni nyepesi, mabawa hupata nguvu ndogo ya kuinua, na kwenye njia fupi ya kurukia rubani hulazimika kupunguza uzito, wakati mwingine kwa kuacha baadhi ya mizigo ije na ndege inayofuata. Hiyo ni sababu nyingine ya kuondoka asubuhi, kabla jua halijakaza, na pia ya kuuacha muda mrefu kati ya ndege mbili, kwa sababu mzigo ulioachwa kisiwani hautawafuata nyumbani wenyewe.

Katika ndege hizo, mkoba wa mkononi nao huweza kuchukuliwa mlangoni ukawekwa nyuma, kwa kuwa ndani hamna makabati ya juu. Kwa hiyo pasipoti, dawa, pesa na betri za akiba zikae katika mfuko mdogo ambao hutauachia mtu yeyote. Betri za akiba na vifaa vya kuchajia simu vyenye betri ndani yake (power bank) haviruhusiwi kabisa kwenye mzigo wa kukabidhi, kwa sababu betri ya lithiamu ikipata moto ndani ya buti hakuna wa kuuzima, ilhali kwenye chumba cha abiria wahudumu wanaweza kuushughulikia. Kipimo ni wati-saa 100 (Wh, yaani kiasi cha nishati kinachohifadhiwa na betri). Kuanzia hapo hadi 160 ni lazima shirika likubali, na zaidi ya hapo hairuhusiwi. Kama kifaa kimeandikwa miliampia-saa (mAh) peke yake, gawanya kwa 1,000 kisha uzidishe kwa 3.7: kile cha 20,000 kitatoa 74, nacho kinapita. Mashirika kadhaa siku hizi yanataka kifaa hicho kiwe karibu na abiria, si kabatini.

Bara mtafuata mpangilio huu: kaunta ya shirika, ukaguzi wa usalama, uhamiaji, kisha lango. Viwanja vingine hutanguliza uhamiaji kabla ya ukaguzi, na haidhuru. Kaunta mhudumu akikubandikia lebo ya mzigo, isome kabla sanduku halijaondoka kwenye mkanda: herufi tatu kubwa ziwe za uwanja wa nyumbani kwenu, si za uwanja wa kati. Vimiminika vya mkononi vinafuata sheria iliyoenea tangu mwaka 2006, baada ya kugunduliwa Uingereza njama ya kulipua ndege kwa kemikali za majimaji: kila chupa isizidi mililita 100, na zote ziingie katika mfuko mmoja wa plastiki unaoonyesha ndani, wa lita moja. Kinachopimwa ni ukubwa wa chupa. Chupa ya mililita 200 yenye mafuta kidogo tu ya kujikinga na jua chini yake itachukuliwa, na hilo ndilo linalowakuta wengi wanaotoka ufukweni. Viwanja vyenye mashine mpya vimeanza kulegeza sheria hii, lakini mwenye kupita viwanja viwili afuate ile kali. Uhamiajini hawana mengi zaidi ya kutaka kujua kama mmepitiliza siku mlizopewa, na hapo kumbukeni kwamba nchi nyingi huihesabu siku ya kuwasili kuwa siku ya kwanza.

Kombe la binti yako linastahili maelezo ambayo maofisa wale hawakukupa. Duka kuuza kitu hadharani hakumaanishi kwamba kitu hicho kinaruhusiwa kuvuka mpaka. Kuna mkataba wa kimataifa unaoitwa CITES, uliotiwa saini mwaka 1973 na kuanza kutumika 1975, unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na unavihusu vitu vingi vinavyouzwa kama kumbukumbu za pwani. Gamba la kasa, likiwamo lile la ng'amba linalotengenezewa vitana na bangili, liko katika daraja kali kabisa na halisafirishwi kwa biashara ya kawaida. Matumbawe magumu, farasi wa baharini na lile kombe kubwa la Karibi lenye mdomo wa rangi ya waridi viko katika daraja la pili, ambako huhitajika kibali cha serikali ya nchi vinakotoka. Mkataba una nafuu fulani kwa vitu vya matumizi binafsi, kwa mfano hadi makombe matatu ya aina hiyo ya Karibi kwa mtu mmoja, ila nchi yoyote inaweza kuweka masharti makali zaidi, na nyingi zimeweka. Hata mchanga una sheria zake: Sardinia, kisiwa cha Italia, kwa sheria ya mwaka 2017, hutoza faini ya kati ya euro 500 na 3,000 kwa anayeondoka na mchanga, mawe au makombe ya ufukweni. Binti yako na aulize kwanza jina la kiumbe na aombe kibali kabla ya kulipa. Muuzaji asiyeweza kutoa kimojawapo kati ya hivyo aachwe na bidhaa yake. Makombe ya kuokota ufukweni ayapige picha, ayarudishe.

Nimeitaja Sardinia makusudi, kwa sababu kila kisiwa kina utaratibu wake wa ziada, nao huongeza foleni ambayo kwingineko haipo. Hawaii, abiria wanaokwenda Marekani bara hupitisha mizigo kwenye ukaguzi wa kilimo, ili wadudu wa matunda wasivuke bahari. Aruba, Bermuda na Nassau kule Bahamas, abiria wanaokwenda Marekani hukamilisha uhamiaji na forodha ya Marekani kabla ya kupanda ndege, na wakifika wanatoka kama waliosafiri ndani ya nchi. Liulizeni shirika lenu la ndege ndogo swali moja: kuna ukaguzi au ada yoyote hapo kisiwani ambayo haimo katika tiketi?

Mumeo asipige mbizi siku ya kuondoka. Mtu anapovuta hewa ya mtungi chini ya maji, naitrojeni huyeyuka mwilini, na huhitaji muda kutoka taratibu. Ndani ya ndege ya kimataifa mgandamizo wa hewa huweza kushuka hadi kiwango cha mlima wa takriban mita 2,400, na naitrojeni iliyobaki ikatoka kama mapovu kwenye viungo, uti wa mgongo au ubongo. Divers Alert Network, shirika linaloshughulikia usalama wa wapiga mbizi, linashauri angalau saa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida, na saa 18 kwa aliyezama mara kadhaa au siku mfululizo. Mkihamia ndege ya Jumamosi asubuhi, Ijumaa mchana inakuwa karibu mno. Mbizi yake ya mwisho naiweka Alhamisi. Ijumaa aogelee juu ya maji kwa miwani na mrija pamoja na binti yenu, ambako hakuna kizuizi.

Kwa mama, yajulisheni mashirika yote mawili angalau saa 48 kabla kwamba atahitaji kiti cha magurudumu, na mseme wazi kama anaweza kupanda ngazi, kama anatembea hatua chache tu, au kama hatembei kabisa, kwa kuwa msaada hupangwa kwa madaraja hayo matatu na ndege ndogo hupandwa kwa ngazi. Insulini isiwekwe kamwe kwenye mzigo wa kukabidhi, maana baridi ya butini huweza kuiharibu na sanduku huweza kupotea. Dawa za majimaji hazifungwi na mililita 100, lakini cheti cha daktari kiwe mkononi, chenye jina lililo sawa na la pasipoti, na mfuko wa dawa atoe yeye mwenyewe kwenye trei kabla hajaulizwa. Mwambieni pia alete za siku kadhaa zaidi ya zile za likizo.

Mwisho ni stakabadhi za mizigo, ambazo nashauri azishike mtu mmoja. Mkifika nyumbani mzigo ukiwa umevunjika au haupo, andikisheni taarifa kabla ya kutoka ukumbini. Chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, malalamiko ya mzigo ulioharibika hupelekwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kuupokea, na ya uliochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa kwenu. Mkataba huo ni wa safari za kimataifa. Kwa kuwa tiketi yenu ya kutoka kisiwani ni ya ndani na imesimama peke yake, mzigo utakaoharibika hapo utashughulikiwa kwa masharti ya shirika dogo na sheria za nchi hiyo. Kwa hiyo ukaguzi wa kwanza wa masanduku ufanyeni bara, mbele ya mkanda wa mizigo, kabla hamjayakabidhi kwa shirika la pili.